Kibofu cha Waache

Bulyaga, Tukuyu. Masika ya 1995.

Jumatatu, 6 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kitabu hiki cha tarehe mume wangu Gidion alipewa kiwandani kwao mwaka mpya, kikakaa bure juu ya kabati. Leo nimekishusha kwa sababu nina jambo na sina wa kumwambia.

Baba mkwe amefika kutoka Masukulu akiwa na begi, mwavuli uliovunjika mbavu, na mbwa. Upepo umeng'oa bati za nyumba yake, na Gidion amekataa baba yake aendelee kulala anavujiwa. Atakaa chumba chetu cha uani mpaka masika yapungue na paa lirudishwe.

Uso wake sikuuona. Niliposikia mlango wa ua nilijifunika kanga kichwani nikaingia jikoni, naye akakohoa kunijulisha kwamba anapita. Kwa mila ya wazee wetu wa Kinyakyusa, mwanamke na baba wa mumewe hawatazamani, hawaitani majina, hawakai chumba kimoja. Siku hizi wengi wameacha, hata kanisani wanabanana benchi moja. Mzee Ambindwile hajaacha. Tangu niolewe, ninachokijua kwake ni kikohozi, viatu, na mgongo wa koti. Nyumba yake ya Masukulu sijawahi kuiingia. Nikienda huko nalala kwa shangazi yake Gidion.

Mbwa nimemwona vizuri. Dume, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limelala. Anaitwa Waache. Gidion anasema majirani wa Masukulu walimcheka mzee kwa kumlaza mbwa ndani ya nyumba, naye akasema, waache waseme. Jina likabaki hapo.

Jumanne, 7 Machi

Waache amekojoa barazani.

Jumatano, 8 Machi

Waache amekojoa barazani, na kwenye mguu wa cherehani yangu.

Alhamisi, 9 Machi

Hivyo hivyo. Nimemwambia Gidion. Amesema "mbwa wa shamba huyo, atazoea," akalala na viatu. Masika ndiyo chai inachipua kuliko wakati wote, na kiwanda hakizimwi. Mume wangu siku hizi ni mgeni anayekuja kuoga.

Jumamosi, 11 Machi

Leo limetokea jambo la ajabu kidogo.

Nilikuwa barazani napunguza suruali za mitumba za Prisca, jirani yetu. Baba alikuwa nyuma ya mlango, upande wa uani. Waache alikuwa amelala kizingitini, kichwa kwangu, mkia kwake. Nikasikia sauti inasema taratibu:

"Waache, uji wa asubuhi ulikuwa mzuri. Ungekuwa na sukari zaidi, nani angekataa?"

Nikasimamisha cherehani. Mbwa alinitazama kama mtu aliyetumwa. Nikamjibu mbwa.

"Waache, sukari ipo. Hamkusema tu, Baba wa watu."

Baba akamwambia mbwa, "Sikujua kama inaruhusiwa kusema."

Nikaendelea kushona mpaka mvua ilipopungua. Jioni nilitia sukari kwenye chai, na nyuma ya mlango nikasikia, "Waache, mwambie ndaga." Ndaga ni asante yetu. Sijawahi kuisikia kutoka kwake.

Jumatano, 15 Machi

Nimepiga deki baraza, na maji ya ndoo yametoka na wekundu. Nikamfuata Waache. Anainua mguu, yanatoka matone, anasogea hatua, anainua tena, hakitoki kitu, anasogea. Amezunguka hivyo ua mzima mpaka kwenye uzio, ambako Prisca anatundika nguo zake za kuuza. Matone ya mwisho, yenye damu, yameangukia blauzi nyeupe.

Prisca si mtu mbaya, ila sauti yake inafika stendi. Amesema mbwa anayekojoa damu ana kichaa, na akimwona tena upande wake atakwenda kata waje na bunduki. Nimefua ile blauzi kwa mikono yangu. Nilipogeuka, viatu vya Baba vilikuwa vimesimama nyuma ya migomba. Alikuwa amesikia yote.

Alhamisi, 16 Machi

Baba hakula.

Ijumaa, 17 Machi

Nimemleta Daktari Lukasi. Alikuwa bwana mifugo wa serikali mpaka walipopunguzwa kazini, naye akafungua duka la dawa za mifugo karibu na stendi. Alikuja na buti za mvua na begi la turubai. Akampapasa Waache tumbo, akamtazama macho na ufizi.

"Kichaa siyo huu," akasema kwa sauti, akijua Prisca yuko nyuma ya uzio. "Huu ni ugonjwa wa njia ya mkojo. Lakini niseme kweli, Mama. Mbwa nimezoea kuwachanja tu. Vibofu nilivyotibu ni vya mbuzi."

"Tofauti yake ni kubwa?"

"Mbuzi hang'ati."

Amesema anahitaji mkojo wa asubuhi, kwenye chombo safi, usioguswa na udongo wala mvua. Alipoondoka nilikaa nikafikiri: mbwa anayejificha kukojoa, masika ya Tukuyu, na watu wawili wasioruhusiwa kutazamana.

Jumamosi, 18 Machi

Nitaandika yote, maana nikizeeka nitadhani niliota.

Nilichemsha upawa, nikaufunga kwenye mpini wa ufagio. Baba akamshika Waache kwa kamba. Kwa kuwa hawezi kunitazama, aligeukia mgomba, kamba mkono mmoja, na mkono mwingine ameunyoosha nyuma na ule mwavuli wenye mbavu mbovu, ili mvua isiingie kwenye upawa. Mimi nilikuwa nyuma ya mbwa, kanga usoni, nimechuchumaa kama mwizi wa kuku.

Waache aliinua mguu. Nikasogeza upawa. Akaushusha, akanusa upawa, akahamia mgomba mwingine. Tukahama wote.

"Waache," akasema Baba kwa mgomba, "mwambie aliye nyuma yako asikimbilie. Asubiri mguu utulie."

"Waache, mwambie anayeshika mwavuli kwamba maji yote yananiingia shingoni."

"Waache, mwambie mimi sioni nyuma."

"Waache, mwambie ndiyo maana namwelekeza. Kushoto. Kushoto kwake, siyo kwangu."

Tuliuzunguka ua hivyo, migomba yote, parachichi, choo. Prisca alitoka kututazama. Alianza kwa kukunja mikono. Tulipofika kwenye parachichi alikuwa ameshika uzio kwa kicheko, na tulipozunguka choo alikuwa amekaa chini kwenye majani mabichi, anafuta machozi. Kisha akainuka, akapita pengo la uzio, akamwondolea Baba ule mwavuli na kufungua wake mzima.

"Mzee, shika mbwa tu," akasema. "Mtaniua nyinyi."

Kwenye mgomba wa mwisho Waache alisahau kwamba tupo. Nilipata robo ya upawa, rangi ya chai ya rangi. Nilipiga kigelegele kwa robo ya upawa ya mkojo wa mbwa. Nyuma ya mgomba nikasikia kitu ambacho sikukijua mara moja. Baba mkwe alikuwa anacheka.

Daktari Lukasi amechovya kikaratasi chake, amenusa, ameuinua mkojo kwenye mwanga. Kuna vijidudu kwenye kibofu. Waache atachomwa sindano kila siku mpaka Daktari aseme basi. Maji mengi, chakula chenye mchuzi, asifungwe, aende kukojoa kila anapotaka.

Jumanne, 21 Machi

Nimemshonea Waache nepi. Kitambaa ni shati la flana la mitumba, vifungo viwili mgongoni, tundu la mkia. Prisca amesema sasa hata mbwa wa Bulyaga wanavaa vya Ulaya. Amenipa flana nyingine bure.

Jumapili, 26 Machi

Damu imekoma. Baba ameimba tenzi chumbani mpaka wakati wa ibada. Anaimba besi. Sikujua.

Jumatatu, 3 Aprili

Mvua ya mawe, umeme umekatika, hakuna wa kuleta nguo. Nilikuwa namenya ndizi mbichi za kupika mbalaga, chakula chetu cha ndizi, kwenye mlango wa jikoni, Baba yuko upande wa pili wa ukuta anachonga mpini, Waache katikati yetu na nepi yake. Nikamuuliza mbwa swali lililonikaa moyoni tangu niolewe.

"Waache, muulize, wenzake wameacha mila hii. Au kuna kosa nililolifanya?"

Kisu chake kilisimama.

"Waache, mwambie hakuna kosa." Nikamsikia akiweka mpini chini. "Mwambie mke wangu alimwogopa baba yangu kwa heshima hii hii. Alizunguka kwenye matope ili asikutane naye njiani, na mimba tumboni, na kuni kichwani. Hakulalamika mpaka tulipomzika mzee. Leo mimi nikae na mke wa mwanangu, nicheke naye, nile naye. Marehemu nitamwambia nini? Kwamba yale matope yalikuwa ya bure?"

Nilikuwa nimemdhania ana kiburi. Miaka yote nilisikia kile kikohozi kama mlango unaofungwa.

"Waache," nikasema baadaye, "mwambie nimesikia."

Akaendelea kuchonga. Kisha akamsimulia mbwa jinsi alivyompata. Mama mkwe alifariki kiangazi, na wiki ile ile mbwa mtoto akaingia mlangoni akakojoa kwenye kiatu chake. Alikuwa ameinua fimbo ampige, akajikuta amekaa chini anamfuta.

Jumatatu, 10 Aprili

Waache anajilamba sana. Matone tena. Sindano ziliisha wiki iliyopita.

Jumanne, 11 Aprili

Gidion kiwandani. Ukungu, mlima hauonekani.

Jumatano, 12 Aprili

Asubuhi Waache alitoka, akainua mguu, na hakikutoka kitu. Akajikunja kama anayetaka kujisaidia haja kubwa, akatetemeka, akalia sauti ndogo sana. Kisha akatapika. Tumbo lilikuwa gumu, naye hakutaka liguswe.

Nilikimbia kwa Daktari Lukasi bila mwavuli. Alipompapasa uso wake ulibadilika. Akatoa mpira mwembamba aliouomba hospitali, akaupaka mafuta, akaupenyeza kwenye njia ya mkojo. Ulikwenda kidogo ukagoma.

"Sikia," akanishikisha mwisho wa mpira. Ulikwaruza, kama kijiko kwenye changarawe. "Ni mawe. Vijidudu hutengeneza mawe kibofuni, na moja limeziba njia. Mkojo usipotoka sumu inarudi kwenye damu. Akikaa hivi, kesho hatumkuti."

Alisukuma maji kwa bomba la sindano, tena na tena, mpaka lile jiwe likarudi kibofuni na mkojo mwekundu ukatoka kupitia mpira. Waache akahema. Lakini Daktari akatikisa kichwa. Jiwe lingeziba tena jioni ile ile. Ilikuwa lazima kumpasua, na kumpasua sasa, akiwa bado ana nguvu.

Meza niliyo nayo ni ya kukatia nguo. Tuliisogeza dirishani, tukaimwagia maji ya moto na dawa. Daktari alitaka watu wawili, wa kushika kichwa na kuangalia pumzi, na wa kushika miguu na taa. Gidion hayupo. Prisca amekwenda Mbeya kununua belo la nguo. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata ungepiga kelele hakuna ambaye angekuja.

Baba alikuwa mlangoni, mgongo kwetu. Akasema, bila kugeuka, tutundike kanga katikati ya meza, yeye akae upande wa kichwa, mimi upande wa miguu. Nilitundika kwenye kamba. Daktari akamchoma Waache sindano ya usingizi, akamnyoa tumbo, akapaka dawa, akachukua kisu. Akakirudisha chini.

"Mzee, nisamehe. Kanga inakula mwanga wote. Mama ana taa upande huu, dirisha liko upande wako. Siwezi kupasua gizani. Nikikata mshipa hapa, basi."

Nilikiona kivuli cha Baba kwenye kanga, kimeinama.

"Waache," akaanza, "mwambie..."

Waache alikuwa amelala, ulimi nje, hasikii lolote. Hapakuwa na mtu wa kutumwa.

Mkono ukaja juu ya kamba. Kanga ikaanguka.

Nilimwona. Ni mdogo kuliko sauti yake. Ana pengo mbele, na macho ya Gidion kabisa, yamejaa maji. Alinitazama sawasawa, kama anayeingia mtoni na hajui kina chake.

"Tupokigwe," akaniita, "sogeza taa."

Nikaisogeza.

Sikumbuki muda. Nakumbuka kibofu, chekundu na kizito. Nakumbuka Baba amemwekea Waache kiganja puani, anasema "anapumua," na baada ya kidogo tena "anapumua." Daktari aliingiza kidole na kijiko, na jiwe la kwanza likaanguka kwenye bakuli la bati, likalia. Kisha mengine, saizi ya punje za mahindi, ya rangi ya majivu, na mwisho moja kubwa kama gololi.

Alipoanza kushona aliniambia, "Fundi, usiutazame mshono wangu."

"Nautazama," nikasema. "Mbona mzuri."

Baba akasema, "Wa ndani uwe wa karibu karibu, usivuje." Daktari akamjibu ndivyo anavyofanya, na tukacheka wote watatu.

Alhamisi, 13 Aprili

Waache amefungua macho. Amekunywa mchuzi. Bado hajakojoa mwenyewe.

Ijumaa Kuu, 14 Aprili

Daktari alitoa mpira aliouacha kibofuni asubuhi na kusema sasa tungoje. Tulimtoa Waache uani. Prisca amerudi, naye akaja na kikombe chake cha chai. Waache alitembea kama mzee anayetoka hospitali, ndani ya koti nililomshonea ili asilambe mshono. Akafika kwenye mgomba. Akafikiri. Akainua mguu.

Ulitoka mrefu, mweupe, bila kukatika. Tulisimama kama watu wanaosikiliza neno. Prisca akasema amina.

Gidion aliingia wakati huo huo kutoka zamu ya usiku. Akamwona mkewe na baba yake bega kwa bega, bila kanga, wanamtazama mbwa akikojoa. Alirudi nje akaitazama namba ya nyumba.

Jumamosi, 15 Aprili

Asubuhi Baba amekohoa mlangoni. Mguu wangu wenyewe umenipeleka jikoni. Nimekaa huko nikalia kidogo. Kumbe ilikuwa siku ya dharura tu.

Jumapili ya Pasaka, 16 Aprili

Baada ya ibada Baba hakurudi nasi. Alirudi mchana, jogoo kwapani na kitenge kipya mkononi, akaniita kwa jina, mbele ya Gidion na Prisca, nami nikatoka.

"Jana nimekohoa," akasema, "kwa sababu sikutaka ile ya Jumatano iwe bahati mbaya. Kitu kilichofunguliwa kwa haraka, nataka kifunguliwe na kwa heshima. Nimekwenda kwa mchungaji, nimeomba. Na marehemu nimemwambia."

"Amesemaje?" akauliza Prisca, ambaye haoni aibu ya kuuliza lolote.

"Sikumpa nafasi. Nimesema mimi tu." Akanikabidhi kitenge kwa mikono yote miwili. "Mama huyu alimshikia taa mtu wa nyumbani kwangu. Yale matope hayakuwa ya bure. Yamefika hapa, yamekwisha."

Nilisema ndaga, tata, yaani asante baba. Jogoo tumemla wote meza moja, ile ile ya kukatia nguo. Waache amepata mchuzi.

Jumatatu, 24 Aprili

Nyuzi zimetolewa. Baba ameyaweka mawe kwenye kiberiti na amewaonyesha wanakwaya wote wa kanisani, besi hata soprano.

Jumanne, 9 Mei

Hakuna jipya. Raha iliyoje.

Alhamisi, 18 Mei

Nimegundua Baba ni mbishi. Tumebishana leo kuhusu chumvi, kuhusu vyama vingi, na kuhusu nani alikosea kushoto na kulia siku ya upawa. Hakubali.

Jumamosi, 27 Mei

Mvua zimepungua, paa limekamilika. Baba ameondoka na Waache kwa pikapu ya wabeba ndizi. Daktari amewapa maelekezo ya maji na mchuzi, na dalili za kuangalia. Nyumba imekuwa kubwa mno. Nimepiga deki baraza bila sababu.

Jumamosi, 10 Juni

Masukulu. Jua, na baridi ya kiangazi.

Gidion alitaka nishukie kwa shangazi kama kawaida. Nikamwambia leo nashukia kwa mwenye nyumba. Baba alikuwa amesimama mlangoni, amevaa koti lile, safari hii nimeliona upande wa vifungo. Hakukohoa. Alisema, "Karibu ndani, Tupokigwe," akapisha.

Nimeingia. Ni vyumba viwili vya udongo vilivyopakwa chokaa, bati mpya, picha ya mama mkwe ukutani akiwa msichana. Nilisimama mbele yake nikamwamkia kwa Kinyakyusa. Baba alinivutia kigoda, akaenda mwenyewe kuchochea moto, na alipokuwa amepiga magoti anapuliza akasema mahali hapa palikosa mtu wa kumwambia kwamba anaunguza ndizi.

"Mnaziunguza," nikasema.

"Najua."

Nje tulisikia maji. Gidion alichungulia, akaanza kumfokea mbwa. Waache alikuwa ameinua mguu kwenye kikapu changu, kile chenye nguo zangu za kulalia, na alikuwa hana haraka.

"Mwache amalize," Baba akasema, na mimi nikasema hivyo hivyo, kwa pamoja.